Hiroshige au Koson: Ni Chapa Ipi ya Ndege na Maua Inayokufaa

Mtu anayetaka kununua chapa ya mbao ya Kijapani yenye ndege na maua, aina ambayo Wajapani huiita kacho-ga, yaani picha ya maua na ndege, hukutana mapema sana na majina mawili. La kwanza ni la Utagawa Hiroshige, aliyezaliwa Edo mwaka 1797 na kufariki huko huko mwaka 1858, miaka kumi kabla ya mji huo kupewa jina la Tokyo. La pili ni la Ohara Koson, aliyezaliwa Kanazawa mwaka 1877 na kufariki mwaka 1945. Wote wawili walichora bundi, bata bukini, korongo, mbayuwayu na shomoro, na kazi zao zilichongwa kwenye vibao vya mbao na kuchapwa kwa mkono juu ya washi, karatasi ya jadi ya Kijapani. Zikitazamwa kwenye simu, picha zao huonekana kama za watu wa nyumba moja. Zikishikwa mkononi, undugu huo hupungua sana, na anayenunua bila kuzilinganisha huweza kupata kitu kizuri ambacho hakimfai.

Rai yangu naitanguliza mapema, ili msomaji ajue nasimama wapi: kinachopaswa kupimwa kwanza ni nakala yenyewe iliyo mbele yako, na jina la msanii lije baadaye. Nakala ya Koson iliyochapwa vizuri ina thamani kubwa zaidi kwa jicho kuliko nakala ya Hiroshige iliyochoka, hata kama soko litasema vinginevyo. Hata hivyo, wasanii hawa wawili hawafanyi kazi moja, na tofauti yao inahitaji kueleweka kabla hatujafika kwenye nakala.

Tuanze na bundi, kwa kuwa wote wawili walimchora. Bundi wa Hiroshige, wa miaka ya 1830, amekaa juu ya tawi la msonobari penye mwezi hilali, na juu ya karatasi limeandikwa shairi fupi la aina ya kyoka, ambayo ni tungo ya ucheshi. Shairi hilo linaufananisha mwezi na mashua ya matembezi, na linauita upepo unaopita kwenye misonobari kuwa mlio wa koto, ala ya nyuzi ya Kijapani, unaotaka kuingia masikioni mwa bundi. Jina la bundi huyo kwa Kijapani ni mimizuku, na neno “mimi” kwa lugha hiyo maana yake ni sikio. Kwa hiyo mchezo wa maneno umefungwa ndani ya jina la ndege mwenyewe. Mwili wa bundi umeelezwa kwa mistari michache na rangi chache, na sehemu kubwa ya karatasi imeachiwa anga na maandishi.

Bundi wa Koson alichapishwa mwaka 1926 na Watanabe Shozaburo wa Tokyo. Amekaa kwenye tawi la mcheri uliochanua, mwezi ukiwa nyuma yake, na hakuna shairi lolote. Kilichoandikwa ni sahihi na mhuri tu. Manyoya yake yanaonekana kana kwamba yamepakwa kwa brashi yenye maji mengi, kahawia ikiyeyuka ndani ya kijivu bila mpaka unaoonekana, na inabidi msomaji ajikumbushe kwamba kila kivuli kati ya hivyo kimetoka kwenye kibao chake. Hiroshige anakuambia jambo kuhusu bundi, na Koson anakuweka usiku ule ule mbele ya bundi na kukuacha hapo.

Kwa Hiroshige, maandishi si pambo. Chapa zake nyingi za ndege na maua ni za umbo la tanzaku, lililochukua jina lake kwenye kipande chembamba cha karatasi ambacho Wajapani huandikia mashairi. Kimo chake ni karibu sentimita 38, na upana wake ni karibu sentimita 17 au 13 tu. Karatasi ndefu na nyembamba namna hiyo humlazimisha mchoraji kukata: tawi linaingia kutoka upande mmoja na kutoka upande wa pili, ndege anateremka kwa mshazari, mwezi unakatwa na ukingo. Shairi hujaza pale ambapo picha imenyamaza. Kwenye chapa ya bata dume anayeogelea chini ya matete yenye theluji, shairi linasema bata analia na upepo unaukunja uso wa maji. Ukishajua hivyo, unaanza kuhisi baridi ambayo hakuna mstari uliochorwa kuionyesha. Msomaji aliyezoea kanga atalielewa hili haraka, kwa sababu anajua kwamba kanga isiyo na jina haijakamilika, na kwamba jina na mapambo husomwa pamoja.

Maarufu kuliko zote ni ile ya bata bukini watatu wanaoruka mbele ya mwezi mkubwa, pamoja na shairi linalouliza kama usiku kama huu utapatikana tena. Mwaka 1949 posta ya Japani iliiweka picha hiyo kwenye stempu, na stempu yenyewe hutafutwa na wakusanyaji hadi leo. Ukiitazama chapa hiyo kwa karibu utaona kwamba kila ndege amepatikana kwa kazi ndogo sana. Wepesi huo ndio ustadi wa Hiroshige, na ndio pia unaowafanya watu wengine waone kazi yake ni kavu kidogo. Mwenye kupenda ndege kwa undani wa manyoya, makucha na mdomo huenda asitosheke.

Mtu huyo ndiye anayefaa kumtazama Koson. Alikuwa mchoraji wa brashi kabla ya kuwa msanii wa chapa, na chapa zake za mwanzoni mwa karne ya 20 zililenga kuwa kama michoro ya wino na rangi za maji. Mstari mweusi unaouzunguka mwili, ambao kwa Hiroshige ni uti wa mgongo wa picha, kwa Koson mara nyingi hufichwa au huchapwa kwa rangi hafifu. Kunguru wake ni weusi, lakini ndani ya weusi huo mna weusi mwingine mzito zaidi, ili bawa litengane na mgongo. Yangeyange wake wawili waliosimama katika theluji, wa mwaka 1927, ni karatasi tupu kwa sehemu kubwa, na giza lililowazunguka ndilo linalowaumba.

Hapa kuna jambo ambalo picha ya kwenye skrini haiwezi kulionyesha. Shika chapa ya ndege mweupe, kwa mfano kasuku mweupe wa Koson kwenye mkomamanga, kisha iinamishe polepole ili mwanga wa dirisha upite juu yake kwa upande. Michirizi ya manyoya ambayo haikuwapo itajitokeza, imeinuka juu ya karatasi bila tone la rangi. Mchapaji ameiweka karatasi yenye unyevu juu ya kibao kilichochongwa lakini kisichopakwa chochote, akaisugua kwa nguvu hadi nyuzi za karatasi zikafuata umbo la mbao. Mbinu hii huitwa karazuri. Baadhi ya nakala nzuri za mapema za Hiroshige nazo zinayo, na inapokosekana mahali inapostahili kuwapo, mnunuzi anapaswa kujiuliza ile ni nakala ya lini.

Kwa kuwa tumewataja wachapaji, ni haki kusema kwamba si Hiroshige wala Koson aliyeshika patasi. Kazi hii ilikuwa ya watu wanne: mchapishaji aliyetoa fedha na kuamua kitakachouzwa, mchoraji, mchongaji na mchapaji. Mchoro ulibandikwa kifudifudi juu ya ubao wa mcheri wa milimani, na mchongaji aliukata pamoja na mbao, hata mchoro wa asili ukaisha kabisa. Kila rangi ilihitaji uso wake wa kibao, na alama mbili ndogo zilizochongwa pembezoni, ziitwazo kento, zilihakikisha karatasi inakaa palepale kila mara. Mchapaji alipaka rangi iliyochanganywa na maji na gundi ya wanga wa mchele, akalaza karatasi, akaisugua kwa nyuma kwa bareni, kisahani kilichofungwa kwa ganda la mwanzi. Anga linalokolea juu na kufifia kuelekea chini, yaani bokashi, lilifanywa upya kwa kila karatasi, kwa kupangusa au kueneza rangi kwenye mbao kwa mkono. Kwa sababu hiyo hakuna nakala mbili zenye anga linalolingana kabisa, na kwa sababu hiyo hiyo nasisitiza kuilinganisha nakala na nakala.

Kabla ya kuendelea, wapo watakaouliza habari za Katsushika Hokusai, aliyeishi kuanzia 1760 hadi 1849. Mfululizo wake wa chapa kumi uitwao Maua Makubwa, wa miaka ya mwanzo ya 1830, ni wa kulala, na una nguvu ambayo Hiroshige na Koson hawakuitafuta: upepo unapindua petali za botani, yaani ua la peoni, huku kipepeo akipambana nao, na chura mdogo wa kijani amejificha miongoni mwa majani ya asagao, mmea wa maua unaotambaa, hivi kwamba mtu huweza kupita mara tatu bila kumwona. Lakini nakala za wakati wake ni adimu na ghali mno, ndege ndani yake ni wachache kuliko wadudu, na kwa mnunuzi wa kawaida njia pekee ni nakala iliyochongwa upya. Kwa hiyo simweki kwenye mizani hii.

Sasa tuje kwenye nakala, ambako ndiko fedha hupotea.

Chapa ya Hiroshige iliyotoka enzi zake ina umri wa karibu miaka 190, na umri huo umeandikwa juu yake. Buluu ya Prussia, rangi iliyotoka Ulaya na kuenea Japani karibu na mwaka 1830, huvumilia mwanga vizuri, na ndiyo sababu maji na anga zake nyingi bado ziko imara. Nyekundu na waridi za beni, zinazotolewa kwenye petali za mmea wa jamii ya alizeti, huchujuka haraka, na ua lililokuwa jekundu huweza kubaki na kivuli cha manjano. Vibao navyo huchakaa: mistari myembamba hukatika, kingo hupoteza ukali, na karazuri hupotea. Zaidi ya hapo, chapa hizi ziliuzwa kwa bei nafuu kwa watu wa mjini, zikabandikwa, zikapunguzwa pambizo, zikatobolewa na wadudu. Nakala safi zipo, lakini nyingi zimeshaingia kwenye majumba ya makumbusho. Abby Aldrich Rockefeller peke yake alikusanya zaidi ya chapa 700 za ndege na maua, akazitoa kwa jumba la makumbusho la Rhode Island School of Design mwaka 1934.

Kwa upande wa Koson, hali ni njema zaidi. Chapa zake zilikusudiwa hasa wanunuzi wa nje, Marekani kuliko kwingine, na wengi wao walizihifadhi kama kumbukumbu ya safari au zawadi. Unapotafuta, kumbuka kwamba alitumia majina matatu. Koson ni la miaka ya mwanzo, wakati alipofanya kazi na wachapishaji kama Daikokuya. Shoson ni la kuanzia karibu 1912, na ndilo lililo kwenye kazi alizofanya na Watanabe kuanzia 1926. Hoson alilitumia kwa wachapishaji wengine. Bundi niliyemtaja, yangeyange na kasuku wote wana sahihi ya Shoson. Asiyejua hili hutafuta jina moja na kuziacha kazi zake bora. Chapa za mwanzo ni ndogo na za rangi tulivu, nyingi zikiwa na kimo cha karibu sentimita 34; za Watanabe hufikia mara nyingi kipimo cha obani, sentimita 39 kwa 26, na rangi zake ni nzito na zilizokamilika zaidi.

Watanabe alikuwa amepoteza vibao na akiba yake yote katika tetemeko kubwa la Septemba 1, 1923, na kazi za Koson ni sehemu ya namna alivyojijenga upya. Mihuri aliyoiweka kwenye pambizo ilibadilika kadiri miaka ilivyopita, na kwa kuilinganisha mtu huweza kujua kama nakala ilichapwa kabla ya vita au baada yake kwa vibao vile vile. Nakala ya baadaye si bandia. Imefanywa na mafundi halali, na mara nyingi ni nzuri. Ila haipaswi kuuzwa kwa bei ya ile ya kwanza, na muuzaji anayeuliziwa muhuri akakwepa swali ameshajibu.

Bandia ya kweli ni kitu kingine, na najua maumivu yake. Chapa ya kwanza niliyoinunua mtandaoni ilielezwa kuwa ya kale, ya yangeyange chini ya mvua, nayo ilikuja ndani ya fremu iliyofungwa nyuma. Nilipoifungua baada ya miezi kadhaa na kuweka kioo cha kukuzia juu ya mbawa, niliona nukta ndogo ndogo za rangi zilizopangwa kwa safu, kama za gazeti. Ilikuwa imechapwa kwa mashine kutoka kwenye picha ya kamera. Tangu siku hiyo sinunui chapa ambayo muuzaji hatanionyesha mgongo wake. Mgongo wa chapa ya mbao husema ukweli: rangi imepenya kwenye nyuzi, njia za bareni zinaonekana kama miduara hafifu, na sehemu zilizokandamizwa hupapasika kwa ncha ya kidole. Karatasi iliyochapwa kwa mashine ina mgongo mweupe, bapa, usio na habari yoyote.

Kati ya nakala ya kale na bandia ipo njia ya tatu, ambayo naitetea bila kusita: chapa ya Hiroshige iliyochongwa upya na kuchapwa kwa mkono. Karakana ya Adachi ya Tokyo, iliyoanza mwaka 1928, hufanya kazi hiyo kwa mbao za mcheri, washi na bareni, kwa hatua zile zile. Rangi zake zinakurudishia kile ambacho mwanga ulikula, na inawezekana kabisa kwamba nakala hiyo mpya iko karibu zaidi na kile ambacho mtu wa Edo alikibeba nyumbani kuliko nakala ya asili iliyochujuka. Anayedai kwamba haina thamani kwa sababu si ya kale anapima tarehe, wala hapimi picha. Jambo la msingi ni kwamba iuzwe kwa jina lake la kweli.

Basi, kwa bajeti ndogo na mapenzi ya mashairi, chagua Hiroshige aliyechongwa upya, hasa bata bukini au bata wa kwenye matete, na usihangaike na nakala ya kale iliyokatwa na kubandikwa. Kwa bajeti ya kati, ningechukua Koson wa uhai wake, mwenye pambizo kamili, kabla ya Hiroshige yeyote wa bei hiyo hiyo, kwa sababu fedha hizo zitakupa kwa Koson nakala iliyo karibu na ilivyotoka karakanani, na kwa Hiroshige zitakupa mabaki. Mwenye uwezo mkubwa anayetaka Hiroshige wa kale na asubiri nakala yenye mistari mikali, kisha ailinganishe mstari kwa mstari na zile ambazo makumbusho makubwa yameziweka wazi kwenye intaneti. Rijksmuseum ya Amsterdam, kwa mfano, ina mkusanyiko mkubwa wa Koson, na Metropolitan ya New York inafaa kwa wote wawili.

Mahali pa kutundika napo paamue. Tanzaku ya Hiroshige inafaa ukuta mwembamba ambao mtu hupita karibu nao, kando ya mlango au juu ya meza ya kusomea, kwa kuwa inasomwa kwa umbali wa hatua moja. Koson wa obani huonekana kutoka upande wa pili wa chumba, hasa yangeyange mweupe juu ya giza. Kwa vyovyote vile, usitundike mahali jua linapofika, tumia kioo kinachozuia miale, na karatasi ya kuegemeza isiwe na asidi. Utepe wa gundi usiguse washi kamwe. Kwa anayeishi Tanga, Mombasa au Unguja, adui wa pili baada ya jua ni unyevu, unaoleta madoa ya kahawia na ukungu, hivyo acha nafasi kati ya kioo na karatasi, na usiutumie ukuta wa nje unaotoa jasho wakati wa masika.

Wajapani wenyewe hawakuziacha picha hizi ukutani mwaka mzima. Bata bukini ni wa vuli, ume, yaani mplamu wa Kijapani, na ndege uguisu ni wa mwanzo wa majira ya kuchipua, korongo na msonobari ni wa mwaka mpya. Utaratibu huo ni mzuri kwa macho na kwa rangi pia, na kwa hakika unaweza kuumaliza ubishi wa kichwa cha makala haya: nunua Hiroshige mmoja aliyechongwa upya na Koson mmoja mdogo wa miaka ya mwanzo, tengeneza fremu moja ya kubadilisha, na kila baada ya miezi mitatu mmoja atoke, mwingine arudi kwenye bahasha yake kabatini, gizani.